Kilo 104, ghorofa ya tatu: ninunue mashine gani ya kukimbilia?

SWALI: "Nina miaka 44 na kilo 104, urefu sentimita 168. Naishi Mbezi, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Daktari amenianzishia dawa ya presha na kuniambia nitembee kila siku. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri kukwepa foleni na narudi saa 2 usiku. Kutembea barabarani saa hizo naogopa. Nataka mashine ya kukimbilia, na kwa kuwa nitatembea tu, sitakimbia, nadhani hata ndogo itanitosha. Kariakoo nimeona mpya ya shilingi milioni 1.9, imeandikwa 5.0 HP, inakunjika, mwisho kilo 120. Kuna ya mtumba kutoka Dubai, ilikuwa ya gym, milioni 2.8, muuzaji anasema hiyo haifi. Binamu yangu aliye Marekani naye anataka kunitumia ya kwake bure. Goti la kulia linauma nikishuka ngazi, na watu wananiambia mashine itanimaliza magoti. Nina mtoto wa miaka 5, na mama yangu wa miaka 68 mwenye sukari angependa kuitumia pia. Nimetenga chumba cha mita 3 kwa 3.5. Nichukue ipi?"

JIBU: Dada yangu, pole kwa presha, na hongera kwa kulichukulia agizo la daktari kwa uzito. Katika maneno yako nasikia hofu mbili: kwamba utatoa karibu milioni 2 kwa kitu kitakachoungua kabla ya mwaka kwisha, na kwamba goti litazidi kuuma. Ila katikati umepitisha haraka sentensi moja inayonitia wasiwasi kuliko hofu zote mbili, nayo ni kwamba kwa kuwa unatembea tu, hata mashine ndogo itakutosha. Naanza na hiyo, maana imewapotezea watu wengi fedha zao.

Chini ya mkanda kuna ubao. Unapokanyaga, uzito wako unaubana mkanda juu ya ubao, na mota inalazimika kuuvuta ukiwa umebanwa hivyohivyo. Mtu wa kilo 60 anaubana kidogo. Wewe wa kilo 104 unaubana sana, na kila hatua yako ni kama breki fupi. Mashine nyingi za nyumbani zina mota ya DC, ambayo ikikutana na mzigo huvuta ampea zaidi ili mwendo usishuke, na ampea zikizidi joto linazidi. Feni inayoipooza mota hiyo mara nyingi imefungwa kwenye shafti yake yenyewe. Mota ikienda kasi, feni inapuliza vizuri. Ikienda taratibu, feni nayo inazubaa. Kwa hiyo mtu mwenye mwili anayetembea kilomita 3 kwa saa anaipa mashine mzigo mkubwa na upepo mdogo kwa wakati mmoja, kama daladala iliyojaa inayopanda mlima kwa gia ya kwanza. Kijana mwembamba anayekimbia anaweza kuitesa kidogo kuliko wewe unayetembea.

Na kinachokufa kwanza mara nyingi si mota yenyewe. Ni bodi inayoigawia mota umeme. Ndiyo inayopitisha ampea zile za ziada kila unapokanyaga, na ikishaungua, mashine ya bei nafuu isiyo na spea mjini inakuwa imekwisha, hata kama mota bado ni nzima.

Sasa tuiangalie hiyo 5.0 HP. Nguvu farasi 1 ni wati 746, kwa hiyo 5 ni wati 3,730. Soketi yako ya ukutani ni ya ampea 13. Kwa umeme wa volti 230 mwisho wake ni kama wati 2,990. Mashine hiyo ingekuwa kweli inafanya kazi kwa HP 5 mfululizo, fyuzi ya plagi isingehimili. Kilichoandikwa pale ni nguvu ya kilele, ile ambayo mota inaweza kuigusa kwa muda mfupi sana. Unachotaka kujua ni nguvu inayoweza kuitoa saa nzima bila kupata joto la hatari, nayo huandikwa CHP. Mwambie muuzaji akuonyeshe CHP kwenye kitabu cha mashine au kwenye kibandiko cha mota yenyewe, si kwenye boksi. Kwa uzito wako na kwa kutembea, usishuke chini ya CHP 2.5. Akikosa namba hiyo, au akaanza kukueleza habari za spika na bluetooth, ondoka.

Jambo la pili ni uzito wa mwisho. Kilo 120 kwa mtu wa kilo 104 ni karibu mno. Namba ile inasema mashine haitavunjika, haisemi itadumu. Mimi hupenda mtu asizidi robo tatu, au zikizidi sana asilimia 80, ya uzito ulioandikwa, maana yake wewe utafute ya kilo 130 hadi 140. Mashine iliyotengenezwa kwa uzito huo karibu kila mara ina fremu nzito zaidi, ubao mnene zaidi na rola nene zaidi, na rola nene hazichoshi mkanda haraka. Upana wa mkanda uwe sentimita 45 au zaidi, urefu 125 au zaidi. Vile vijimashine vyembamba visivyo na vishikio, vinavyosukumwa chini ya kitanda, viache kabisa. Si vya mwili wako, na kwa mama yako ni hatari.

Jambo la tatu watu hulidharau, na kwako ndilo lenye faida kubwa: mashine iwe na mwinuko unaobadilika kwa kitufe. Kuna hesabu inayotumiwa na wataalamu wa mazoezi kukadiria oksijeni mwili unayoitumia ukitembea. Kwa hesabu hiyo, ukitembea kilomita 5 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 5, mwili unafanya kazi karibu asilimia 60 zaidi kuliko kwenye tambarare kwa mwendo uleule. Ukifika asilimia 10, kazi hiyo inalingana na kukimbia mchakamchako wa kilomita 7 kwa saa, na hapo bado unatembea. Sharti lake ni kutoning'inia kwenye vishikio, kwa sababu ukijivuta kwa mikono umeurudisha mlima kuwa tambarare. Tena mwinuko unaipunguzia mota kazi: mkanda ukilala kwenye mteremko, uzito wako mwenyewe unausukuma kurudi nyuma, na mota inavuta kidogo. Moyo unapata mazoezi zaidi, na bodi inapata joto kidogo kuliko awali. Sijui sababu nyingine nzuri kama hii ya kuongeza fedha kidogo.

Hapo ndipo goti linapoingia. Mtu anayetembea, mguu unapogusa chini unapokea nguvu inayozidi uzito wake kidogo tu. Akikimbia, inafika mara 2 hadi 3 ya uzito wake. Hayo yanayosemwa kuhusu mashine kumaliza magoti yametokana zaidi na watu wazito walioanza kukimbia siku ya kwanza kwa sababu mashine ina kitufe cha kukimbia. Kutembea kwenye ubao ulio na raba chini yake hakulitesi goti kuliko kutembea kwenye lami, na misuli ya paja ikipata nguvu goti hufaidika. Maumivu ya kushuka ngazi mara nyingi hutoka nyuma ya pia ya goti, mahali panapobanwa sana mtu anaposhuka akiwa amekunja goti. Kwenye mashine hushuki. Anza na tambarare, kisha mwinuko wa asilimia 2 hadi 4. Kupita 8 mapema huhamishia mzigo kwenye kano ya kisigino na kiuno. Lakini kama goti linavimba, linakwama katikati ya mwendo, linakuacha ghafla kama linataka kukuangusha, au linauma usiku ukiwa umelala, usinunue chochote kwanza. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa alishike kwa mikono yake. Hakuna maandishi yanayoweza kufanya kazi hiyo.

Turudi kwenye mashine zako tatu. Ya binamu ni zawadi njema, ila mshukuru na umwambie asiitume. Umeme wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Wetu ni 230 na mizunguko 50. Utahitaji transfoma kubwa ya kushusha umeme, inayohimili wati 2,000 au zaidi mfululizo, juu ya nauli ya meli na ushuru. Na siku bodi ikiungua, spea yake iko huko ilikotoka.

Ya Kariakoo, kwa sifa ulizonitajia, haikufai. Kilo 120 ni chache, na HP yake imeandikwa kwa namna isiyokuambia kitu. Isikupe unyonge. Kwa kijana wa kilo 65 anayetembea nusu saa inaweza kuwa sawa kabisa.

Ya Dubai ndiyo inayonifikirisha. Umeme wa kule unaendana na wetu, hivyo hapo hakuna tatizo. Mashine nyingi za gym zina mota ya AC inayoendeshwa kwa invata, yaani kifaa kinachoirekebishia mota kasi, zimetengenezwa kufanya kazi mchana kutwa na watu wa kila uzito, na ubao wake ni mnene. Kwa mwili wako, mashine ya gym iliyo nzima ni bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Tatizo ni kwamba gym haitoi mashine iliyo nzima bila sababu. Nyingine zimetolewa kwa kubadilisha mtindo, nyingine kwa sababu zimechoka, na zote hupakwa rangi na kuwekwa dukani zikiwa zinang'aa. Maneno kwamba haifi yasikushawishi. Mkanda, ubao na beringi hufa kwa kila mashine.

Kwa hiyo usilipe mpaka umeipanda. Nenda na fundi umeme mwenye mita ya kubana waya, na uvae raba zako. Zima mashine, ingiza mkono chini ya mkanda katikati, upapase ubao: uwe laini na wenye utelezi wa silikoni. Ukigusa mikwaruzo au bonde pale miguu inapotua, mkanda na ubao vyote ni vya kubadilishwa, na hiyo iingie kwenye bei. Kisha iwashe, iweke kilomita 2 kwa saa, utembee kwa kukanyaga kwa uzito wako wote. Mkanda ukisita kila unapotua mguu, ama umelegea, ama ubao umekauka, ama mota imechoka. Tembea dakika 20 kamili huku fundi anasoma ampea. Zikiendelea kupanda bila kutulia, au ukasikia harufu ya plastiki ya moto, mshukuru muuzaji na uondoke. Pandisha na mwinuko mpaka juu na uurudishe chini. Muulize pia kilomita au saa ilizofanya kazi. Mashine nyingi za gym zinaweka hesabu hiyo ndani ya skrini na muuzaji anayeijua mashine yake ataifungua. Muuzaji asiyekubali dakika 20 amekujibu tayari.

Ikifaulu yote hayo, bado kuna ngazi. Mashine za gym nyingi zina kilo 150 hadi 200. Sakafu ya zege ya nyumba iliyojengwa ipasavyo haitashindwa: mzigo huo pamoja na wewe umetandazwa kwenye karibu mita 2 za mraba, ambao uko ndani ya kiasi ambacho sakafu za makazi husanifiwa. Kazi ni kuipandisha ghorofa tatu na kuikatisha kwenye kona za ngazi. Pima upana wa ngazi na mlango wako kwanza, na bei ya wabebaji uipatane kabla ya kulipa mashine. Kama hakuna njia, basi tafuta ya nyumbani iliyo mpya yenye CHP 2.5 au zaidi, uzito wa mwisho kilo 130 hadi 140, mwinuko wa kitufe, na muuzaji mwenye bodi na mkanda wa akiba hapa mjini. Huenda ukahitaji kuongeza fedha au kusubiri miezi miwili. Subiri. Kwa mashine iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya, kibandiko chake kina herufi: H ni ya nyumbani, S ni ya gym, kisha A, B au C kwa usahihi wa vipimo, A ikiwa ya juu.

Ukishaipata, ilinde na umeme wetu. Weka stabilaiza inayoendana na wati za mashine, au angalau kile kifaa kinachokata umeme ukipanda au kushuka na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika huua bodi. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani yenye ethi, si kwenye ekstensheni inayogawana na friji. Mashine ya gym ni vyema fundi aivutie laini yake peke yake kutoka kwenye meinswichi. Gharama ya umeme isikutishe: kutembea kwa dakika 30 mara 5 kwa wiki hakutakula zaidi ya uniti 2 au 3 kwa wiki. Silikoni safi iwekwe chini ya mkanda kwa ratiba ya kitabu, na kwa uzito wako usiivushe miezi mitatu. Usiweke mafuta ya kula, ya cherehani wala ya kulegezea nati, kwa kuwa hayo huulainisha na kuuharibu mkanda. Fungua mfuniko wa mbele mara kwa mara utoe vumbi, na kwa hewa ya chumvi ya huku kwetu, futa jasho kwenye boliti kila unapomaliza. Mkanda ukiteleza usikimbilie kuukaza sana. Ukikazwa kupita kiasi unazibebesha beringi na mota mzigo ule ule tuliotaka kuukwepa.

Chumba ulichotenga kinanipa shaka. Nyuma ya mashine panatakiwa nafasi tupu ya mita 2, na nusu mita kila upande, ili ukiteleza mkanda ukutupe sakafuni na si ukutani. Mashine ya mita 1.8 na hizo mita 2 ni mita 3.8, na chumba chako kinaishia 3.5. Kuiweka mgongo ukielekea ukuta ni kosa linaloonekana karibu kila nyumba. Afadhali sebuleni, ukisogeza meza wakati wa mazoezi.

Na mtoto wa miaka 5 asiwe kabisa chumba kimoja na mkanda unaozunguka. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani ilizirudisha mashine zake za Tread+, zipatazo 125,000, baada ya watoto kuvutwa chini ya mkanda kwa nyuma. Mtoto mmoja alifariki. Walikuwa na wazazi wenye mapenzi kama wewe. Mashine nyingi zina ufunguo wa usalama wenye kamba: klipu yake uibane kwenye nguo yako kila mara, na ukimaliza uchomoe ufunguo na plagi, ufunguo ukae juu ya kabati asikofika.

Mama naye asipande kabla miguu yake haijapimwa hisia kliniki ya sukari. Mguu uliokufa ganzi haujui ulipokanyaga, na mkanda hausubiri. Akiruhusiwa, avae viatu vilivyofunga, ashike vishikio, mtu awe karibu, na mashine ianze na kilomita 1 kwa saa au chini yake. Kama anatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, apime sukari kwanza. Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L) ale kitu kabla ya kupanda. Kwa wengi wa umri wake baiskeli ya mazoezi yenye kiti cha mgongo ni salama zaidi, na ni nafuu.

Kabla hujatoa fedha, nakuomba ufanye jambo moja. Tafuta gym karibu na kazini, lipia mwezi mmoja, utembee kwenye mashine yao. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na tangu mwongozo wake wa 2020 halidai tena kila kipande kifike dakika 10. Dakika 15 za mapumziko ya mchana na 15 za usiku zinahesabika. Ukiona saa 2 usiku mwili umechoka na hupandi, umeokoa milioni 2.8, na hizo za mchana unaweza kuendelea nazo bila mashine yoyote.

Mwisho ni dawa yako. Angalia jina lake. Kama linaishia na "olol", mfano atenolol au bisoprolol, dawa hiyo huyazuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo namba ya mapigo kwenye skrini isikuongoze. Jipime kwa maneno: uweze kuongea sentensi nzima, usiweze kuimba. Pima presha kabla. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, usipande siku hiyo, umwone daktari. Na kwa kuwa una miaka 44, presha na uzito pamoja, mwombe akupime moyo kwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kabla ya kuanza, na akiona haja akupeleke kitengo cha moyo ukapimwe ukiwa unatembea kwenye mashine mbele yao. Ukiwa nyumbani ukapata maumivu au kubanwa kifuani, yakienda kwenye mkono au taya, pumzi kukata kuliko kawaida, au kizunguzungu, vuta kamba ya usalama, kaa chini, na uende hospitali usiku uleule, hata kama maumivu yameshaisha.